Dume wa Banda la Tatu

Dada Skola,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, toka hapo jikoni ukae peke yako. Nakuomba kila neno la barua hii libaki kwako, hata shemeji asilione. Kwa simu nisingeweza, maana simu yenu husikilizwa na nyumba nzima.

Mimi mzima wa mwili. Watoto hawajambo? Na Baba, ile homa bado inapanda na kushuka? Uliponiambia anaamka shuka limelowa jasho, viungo vinamuuma, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, nilifunga mlango wa ofisi nikaanza kukuandikia.

Ni yule dume wa nguruwe niliyemtuma kwa Baba, Dada.

Huku shambani Iringa, nguruwe wa banda la tatu walikuwa wanatupa mimba. Daktari wa mifugo alichukua damu, akakataza mnyama yeyote kutoka humo mpaka majibu yarudi. Lakini nilishamwahidi Baba dume wa mbegu, na aliye mzuri kuliko wote alikuwa humo. Vibali vya kusafirisha naandika mimi. Nikaandika "banda la kwanza".

Majibu yamerudi: wanao ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huo binadamu anaupata.

Nakumbuka mlivyoniwekea simu nisikie majirani wakileta majike wao. "Karani, leo una harusi tatu!" Mzee Kandidus alimwambia dume, nanyi mkacheka kwamba amempa jina la kazi yangu. Nami nilicheka. Sasa majike hao wanatupa mimba, na anayeitwa kuwasaidia ni Baba, kwa mikono mitupu.

Asiguse tena. Dume afungiwe, asipelekewe jike. Vilivyotupwa mvizike kwenye shimo refu, mikono mmeivika mifuko ya plastiki. Baba aache dawa za dukani, apelekwe hospitali Kipatimu akapimwe damu. Dawa ipo, ila anywe wiki zote atakazoambiwa.

Nimesoma tena pale juu nilipokuomba siri. Haiwezekani. Daktari mwambie yote. Mzee Kandidus na wenzake pia.

Nisalimie shemeji, na Shangazi anayemuuguza Baba. Mwanao mdogo asicheze bandani.

Ukinitaka, nitumie ujumbe saa ya chakula cha mchana, bosi akiwa nje. Lakini Baba akizidiwa, usingoje saa hiyo. Piga namba ya ofisi iliyoandikwa nyuma ya bahasha. Yeyote atakayepokea, mwambie unamtaka karani aliyeandika kibali cha dume wa banda la tatu. Watanijua, nami nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Beda