Nilivyomweleza binti yangu habari za jeni

Mwenzangu, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Leo kliniki nesi kampima uzito binti yangu, akaropoka mbele ya foleni nzima: "Mama, huyu unamnywesha mafuta?" Watu wakaangua kicheko. Mtoto wa miaka tisa, akainamisha kichwa.

Basi njiani nikajitia mwalimu. Nikamweleza yale tuliyosoma darasa la jioni, kwamba kuna watu wanarithi jeni zinazofanya mwili ung'ang'anie mafuta. "Wewe na kaka yako mnapakuliwa chungu kimoja, mafuta yake yanapita, yako yanakaa. Si kosa lako, mama." Eti namfariji!

Akaniuliza: "Kwa hiyo hata nikijinyima, nitabaki hivi hivi?"

Hata nikijinyima! Nilitaka kumwambia kupunguza mafuta kunasaidia, maana kweli kunasaidia, ila kwake kazi ni kubwa kuliko kwa wengine. Badala yake nikamhimiza tuwahi nyumbani.

Sasa hivi tuko mezani. Sahani kaisukuma kwa kaka yake: "Kula wewe. Mimi hata mchicha ni kazi bure."

Nimembembeleza, nimetania, nimelia kidogo jikoni. Amekubali maji tu.