Nyasi za Siku ya Msiba

Makutupora, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta jikoni karibu na moto, na goti lako halisumbui sana, maana baridi ya Rungwe msimu huu haina huruma na magoti ya watu wazima. Baba mdogo kikohozi kimemwacha? Na migomba iliyoangushwa na upepo, mmepata watu wa kuiinua? Mimi mwilini sina ugonjwa. Moyoni ndiko kunakouma, na ndiyo sababu naandika, kwa kuwa uliponipigia simu nililia tu mpaka salio lako likaisha.

Najua ulichoambiwa. Binti wa jirani yetu, yule anayeishi huku Dodoma, mtaa wa Ipagala, alikuja kwenye mazishi ya baba mkwe wangu, akakueleza kwamba mwanao alionekana shambani na mundu, anakata nyasi, na maiti ya mzee imo ndani haijazikwa. Ni kweli, mama. Hakuongeza chumvi. Ila hayajui ya nyuma, na sitaki wewe uliyenizaa unihukumu kwa nusu ya habari. Wengine wanihukumu watakavyo, nimechoka nao.

Kwetu nyasi hazina haraka. Unaamka, unakata mabingobingo nyuma ya nyumba, yanachipua tena. Huku mvua ni za msimu mmoja tu. Nyasi zinaota mbio mbio, zinachanua, na zikishakomaa zinageuka mabua. Marehemu Yohana, mume wangu, alinifundisha hilo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Kila jioni alipita shambani kutazama kama mashuke yameanza kutoka. Alikuwa akisema ukiwahi sana unapata nyasi nzuri lakini haba, na ukingoja mbegu zikauke unapata lundo kubwa ambalo ng'ombe anajaza tumbo bila kupata kitu. Basi sisi tulikata mashuke yalipoanza tu kuchungulia. Tulianika, tukashindilia kwenye kasha la mbao, tukafunga marobota ya hei ya kumvusha ng'ombe wetu, Chausiku, mpaka mvua nyingine. Baba mkwe alikuwa akimcheka: "Mwanangu ana haraka utadhani kaiba. Acha nyasi zirefuke, si ndiyo akiba hiyo!"

Mwaka jana Yohana alipofariki ulikuja, mama, ukalala nami mkekani. Usichokiona, kwa sababu macho yako yalikuwa kwangu, ni kwamba nyasi zilikuwa zinachanua wiki ileile. Ukoo huu una mwiko: wafiwa hawaingizi chuma shambani mpaka matanga yaanuliwe. Na matanga yalichelewa kwa kuwangoja ndugu wa mbali. Mimi mjane mpya, ningesema nini? Nilikaa ndani nikizisikia nyasi zinakauka.

Tulipokuja kuzikata zilikuwa zinanifika kifuani. Banda likajaa marobota, mengine tukayaegemeza ukutani nje. Majirani wakasema Mungu amemfuta mjane machozi. Baba mkwe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumzike mwanawe, nami sikuwa na moyo wa kumharibia.

Kiangazi kikatuumbua. Chausiku alikuwa na mimba. Alitafuna kutwa, tumbo limejaa, mbavu zinahesabika. Mashudu ya alizeti tulimwongezea kadiri tulivyoweza, hayakutosha. Maziwa niliyokuwa nikipeleka kuuza mjini, Makole, yakakauka kabla ya wakati wake. Alipozaa, ndama hakuweza kusimama kunyonya, akafa, na mama yake akalala asiinuke tena. Ikabidi achinjwe. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, wala sioni aibu kukuambia, kwa sababu Yohana alimlea ng'ombe yule tangu akiwa ndama.

Baba mkwe alifungua robota moja, akaketi chini, akawa anavunjavunja mabua mkononi. Akasema, "Mwanangu, tumemlisha mafagio." Hakula siku ile.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwaita watu wa ukoo nyumbani, pamoja na dada yake mkubwa, ambaye sote tunamwita Shangazi. Akawaambia nikiwepo: "Nikifa nyasi zikiwa zinachanua, mkwe wangu huyu akate kwanza. Mimi nitangoja. Nyasi hazingoji." Shangazi akacheka, akasema, "Wewe nawe! Uzee umeanza kukusemesha." Mzee hakucheka.

Tulibaki na mtamba mmoja, binti wa Chausiku, aliyevuka kiangazi kile kwa kuwa hakuwa na mimba; sasa anayo. Ndiye pekee aliyesalia kati ya wale aliowalea Yohana.

Mzee akatutoka msimu huu, mashuke yakiwa ndiyo kwanza yanatoka. Nilimwendea Shangazi, nikapiga magoti, nikamkumbusha maneno ya kaka yake. Akaniambia, "Shika adabu, Atupele. Mwili wa kaka yangu haujapoa, wewe unataka mundu? Kwenu ndivyo mnavyozika?" Nikainuka. Nikaingia alikolazwa mzee, nikamwambia nakwenda. Kisha nikatoka na mundu mbele ya watu wote, maana kupitia uani kungekuwa kama wizi. Nilikata peke yangu. Nyimbo za msiba zilinifikia shambani, nikawa naziitikia huku nakata, na machozi hayaniachi nione mashina. Hakuna aliyekuja kunisaidia.

Kesho yake kaburini, zamu ya wakwe kutupa udongo ilipofika, Shangazi alinishika mkono akaushusha. Udongo ukabaki kiganjani mwangu. Sikumtupia baba udongo, mama. Hilo binti wa jirani hakukuambia, na ndilo linaloniuma kuliko maneno yote ya watu.

Unataka nirudi nyumbani. Siwezi kukujibu sasa. Mtamba akizaa salama ndipo nitajua nina nini cha kubakia hapa. Nakuomba usinisukume, ila usiache kunitaja katika sala zako.

Nisalimie baba mdogo, na dada yangu mkubwa na wanawe. Shemeji fundi cherehani mwambie gauni alilonishonea ndilo nililovaa msibani. Mama mchungaji naye mpe salamu, mwambie kitenge alichonitumia kimefika.

Hei imekauka, nimeshaifunga yote. Marobota ni machache, lakini bado yana ukijani na yananukia, na mtamba akishakula analamba mpaka sakafu. Nyasi ni nzuri mwaka huu, mama, wala sina wa kumwonyesha.

Ni mimi mwanao,
Atupele