Nilivifungia Vitabu vya Mume Wangu Kabatini Pamoja na Tambi

Mpendwa Mama Yocheved,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na uniwie radhi kwa mwandiko, naandika huku nimempakata mtoto. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bnei Brak, mkubwa ana miaka minne, na mume wangu Azriel ni mtu mpole, hanywi, hagombani na mtu, ila anakusanya vitabu vitakatifu vya zamani, vile vya Kiebrania vya mwanzo mwanzo kabisa kupigwa chapa, anavyo kumi na kimoja, vinne alirithi kwa babu yake, vingine amevipata kwa kubadilishana na wenzake na kwa kupekua, kwa ruhusa ya mtunzaji, masanduku ya vitabu vitakatifu vichakavu vinavyosubiri kuzikwa, maana kwetu havitupwi, na vyote vinakaa chumba cha watoto kwa sababu hakina unyevu, maana yake wakubwa wawili wanalala sebuleni na huyu mdogo analala kwenye beseni la kufulia.

Mwaka huu tukisafisha nyumba kwa ajili ya Pasaka, maana siku hizo saba hatuna ruhusa kumiliki hata chembe ya mkate, unga wala tambi, nilimwambia nivikung'ute kama vitabu vingine, akaruka kana kwamba nimesema nimkung'ute mama yake, akasema karatasi ya miaka mia tano haikung'utwi, nami nilikuwa nimeona kwa macho yangu kipande cha biskuti katikati ya kitabu cha sala kilichochapwa Konstantinopoli, na biskuti ile haikuwa ya miaka mia tano. Basi Mama, alipokwenda sinagogi nilivitia vyote kwenye kabati la vitu vyenye chachu, ndani ya makasha ya unga na tambi ambayo yeye mwenyewe aliyabeba kuyaingiza humo asubuhi, na kwenye karatasi ya rabi, ile tunayojaza kila mwaka ili chachu yetu iuzwe kwa asiye Myahudi mpaka sikukuu iishe, nikaandika "kabati la pembeni na vyote vilivyomo", nikafunga, nikabandika utepe. Nilitaka juma moja tu la kuwa na mume.

Na nililipata. Alipogundua, sikukuu ilikuwa imeshaingia na kabati si letu tena, haliguswi, akazunguka nyumba kama kuku aliyehamishwa banda, kisha akakaa, akambeba mtoto, akamenya viazi, akamfundisha mkubwa wimbo. Sikufichi, nilijiona bibi harusi.

Siku ya nne akaja Bwana Feivel, mkusanyaji wa vitabu kutoka Antwerp aliyefikia kwa dada yake Gitl mtaa wa pili. Alikuja na karatasi moja iliyonyofoka, ile ile inayokosekana kwenye kitabu cha Konstantinopoli, Azriel kaitafuta miaka sita. Alitaka kitu kimoja, aweke karatasi kitabuni aone kama matundu ya wadudu yanaoana, yakioana anaiacha hapo, hataki kitu. Azriel akamwambia hawezi kukitoa, kimo kwenye kabati la tambi lililouzwa, kwa sasa kitabu si chake. Mgeni akamtazama, akasema, "Nimeona watu wengi wanaojisifia kitabu wasichokuwa nacho, ndugu yangu, ila sijaona aliyekiuza pamoja na tambi." Akaondoka na karatasi yake. Sikukuu ilipokwisha Azriel akambishia hodi kwa Gitl, ambako yupo mpaka leo, akajibiwa kwamba Bwana Feivel hapotezi siku mbili kwa mtu mmoja.

Sasa kwenye nyumba ya masomo wanamuuliza kama mnunuzi wake amemruhusu kusoma leo. Lakini hilo silo linaloniua. Juzi alikuja jikoni, akasimama karibu na sufuria, akasema, "Mama watoto, nisamehe. Nilibeba makasha yale bila kuangalia, nikavitia vitabu vya babu kwenye unga. Mtu kama mimi hafai kukaa navyo." Amemwita muuza vitabu aje Alhamisi avichukue vyote, chumba kiwe cha watoto. Nami nikakoroga supu. Chumba hicho nimekililia miaka mitatu, Mama. Nikinyamaza mtoto wangu analala kitandani, nikisema ataniangaliaje?

Mama wa Beseni

MAMA YOCHEVED ANAJIBU:

Mwanangu, nimecheka mpaka nikavua miwani, halafu nilipofika kwenye supu sikucheka tena.

Mtoto kulala kwenye beseni wakati vitabu vina chumba ni aibu, na aibu hiyo ni ya mumeo. Kula biskuti juu ya kitabu cha sala, pia yake. Ulikuwa na haki ya kugomba kwa sauti mpaka Gitl asikie mtaa wa pili. Badala yake ukaweka maneno matakatifu juu ya tambi siku saba, na sasa unamwacha mtu akuombe msamaha kwa kosa lako. Chumba utakachokipata hivyo hutalala humo kwa raha hata kikiwa na vitanda kumi.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, mwambie. Usianze na biskuti. Anza na "ni mimi". Akikasirika mwache akasirike, ana haki ya siku mbili, na usilie ili akubembeleze.

Kesho asubuhi, kwa ruhusa yake, funga kitabu kwenye shuka safi ukipeleke mwenyewe kwa Gitl. Mweleze yeye kila kitu. Dada mtu hatanyamaza, atakiweka mezani mbele ya kaka yake pamoja na maneno mawili matatu, nawe kaa hapo mpaka aoanishe matundu. Yasipooana, basi, lakini mumeo hatakuwa tena mwongo.

Vitabu vihamie chumbani kwenu, juu ya kabati, penye ukavu. Watoto waingie chumba chao wiki hii, na hilo usijadiliane.

Pia mwambie kwamba lile juma ulilipenda. Nadhani anajua umechoshwa na vitabu; kwamba unamtaka yeye, nadhani hajui.

Alhamisi muuza vitabu akibisha hodi, mfungulie wewe. Kumi na kimoja uliviuza kwa mstari mmoja, sitaki kusikia kwamba umeshindwa kumrudisha mtu mmoja kwa neno "hatuuzi".