Ukili wa Mke Mdogo

Makorora, Tanga
5 Januari 2025

Kwa Bibi Semeni,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na miguu iliyokusumbua wakati wa vuli imetulia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Miraji ana mafua, naye anayaugua kwa kelele utadhani yeye ndiye mtu wa kwanza kuyapata.

Mimi ni Tausi, mchumba wa mjukuu wako. Hatujaonana, ila picha yangu uliwahi kuonyeshwa kabla simu yako haijatumbukia kwenye sufuria ya rangi ya ukindu. Miraji anasema ilichemka nusu saa nzima, ikatoka nyekundu. Pole sana. Ndiyo maana naandika kwa mkono na kumpa Eliudi, konda wa basi la Mkwaja.

Ndoa tumepanga Ijumaa tarehe 25 Aprili, ndani ya Mfungo Mosi. Shangazi aliyenilea ameridhika, na mshenga amekwisha kula pilau yake mara tatu. Kilichobaki ni mkeka. Nasikia kwenu hakuna bi harusi anayetolewa ndani bila kuketishwa juu ya mkeka uliosukwa na bibi, na kwamba Miraji akija huko akakuuliza habari za mkeka, wewe unampa habari za bata.

Basi nimeamua kuuliza mwenyewe. Bibi, mimi sina bibi. Wote wawili walifariki kabla sijazaliwa, na mama alifariki nikiwa na miaka minne. Mkeka kwangu si pambo. Nataka siku ile niketi juu ya kitu ambacho mtu mzima wa familia amekisuka akijua kabisa kwamba anamsukia Tausi.

Kama nimevuka mpaka, nisamehe.

Mjukuu wako mtarajiwa,
Tausi


Mkwaja
14 Januari 2025

Kwa mke mwenzangu Tausi,

Marahaba. Mimi mzima, alhamdulillahi, na miguu yote miwili ipo. Mbuzi hawajambo. Bata jike analalia mayai tisa na hataki kusemeshwa. Jogoo wangu Mwenyekiti naye mzima. Nilimpa jina hilo kwa sababu anaanza kuhutubia alfajiri, na hadi saa nne bado hajasema jambo.

Umejiita mjukuu. Taratibu, mwanamke. Miraji ni mume wangu tangu ana siku saba, mama yake alipotutoka nikabaki naye mikononi. Nimemwogesha, nimemuuguza tetekuwanga, nimemtia jandoni. Leo napata habari kwa konda wa basi kwamba nina mke mwenza! Adabu gani hiyo? Mwambie mume wetu kwamba mke mkubwa amenuna, na huku ni kuanza tu.

Hata hivyo wewe umeandika mwenyewe, kwa hiyo nakujibu wewe. Siwezi kumkabidhi mume wangu kwa mtu ambaye sijui mikono yake. Nakuletea fungu moja la ukindu, nimeshauchana, nimeuchemsha kwa rangi na kuuanika. Nisukie ukili, ule utepe tunaoushona kwa wenzake hadi uwe mkeka, upana vidole vinne, urefu pima tatu, yaani unyooshe mikono yote miwili mara tatu. Sitaki kusikia habari ya tepu ya cherehani. Ukili ukinipendeza, nitaanza mkeka. Usiponipendeza, tutaendelea kumgawana hivihivi, mimi huku na wewe huko, na yeye aoe yale mafriji anayoyatengeneza.

Ukindu uloweshe kidogo kabla ya kuusuka, na usiuweke karibu na mbuzi.

Mke mkubwa,
Bibi Semeni


Makorora
27 Januari 2025

Kwa Bibi, mke mkubwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na bata ameanza kusemeshwa. Mimi mzima, ila vidole vinauma.

Ukili huu hapa, Eliudi atakukabidhi mkononi. Nimeusuka jioni nikitoka kazini kwenye cherehani, kule Usagara, na shangazi amebaki mdomo wazi. Mwanzoni nilihangaika kidogo, halafu mkono ukazoea. Nadhani kipaji ninacho, ila kilikuwa hakijapata nafasi. Tazama kingo zake zilivyonyooka, Bibi! Naamini sasa utaanza mkeka.

Mke mdogo,
Tausi


Mkwaja
6 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu Tausi,

Marahaba. Mimi mzima. Vifaranga wa bata saba wametoka, wawili wamekataa.

Ukili nimeupokea. Nimeuvalia miwani, nimeutandika kitandani, nimeutazama mwanzo hadi mwisho. Pima tatu kamili. Kingo zimenyooka, hujadanganya. Mwanzo wake umekunjwa kuelekea kushoto. Wanawake wote wa Mkwaja hukunja kulia, isipokuwa mimi, kwa kuwa kidole changu cha shahada hakikunjiki tangu kilipogongwa na mchi. Kwenye pima ya pili kuna jani moja la rangi ya zambarau limepita juu badala ya chini. Hapo ndipo mbuzi wangu Madamu aliponivuta kanga kwa nyuma, nikageuka kumfukuza. Nimelitafuta hilo jani, nimelikuta palepale nilipoliacha.

Tausi, ukili huu nimeusuka mimi. Niliusuka Novemba, nikampa Eliudi auuze huko sokoni. Umenunua kazi yangu na kunirudishia kama zawadi. Ahsante, nilikuwa nimeanza kuikumbuka.

Nimecheka hadi Madamu akaja kuchungulia mlangoni. Nilipomaliza kucheka nikakasirika. Fungu langu la ukindu liko wapi? Na hicho kipaji ulichokitaja, nacho umekinunua bei gani?

Mkeka sijaanza.

Mke mkubwa,
Bibi Semeni


Makorora
9 Februari 2025

Kwa Bibi,

Shikamoo, Bibi yangu. Nakuandikia nikiwa nimejifunika kanga usoni, na niko peke yangu chumbani.

Ni kweli. Nilijaribu siku nne, wallahi. Siku ya kwanza niliulowesha ukindu usiku kucha kwenye beseni, asubuhi ukawa mlenda. Uliobaki nikaanza kuusuka, ukawa unajikunja kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Siku ya nne nikatia akili za kifundi nikaushona kwa cherehani. Sindano mbili zikakatika, na mwenye cherehani akaniambia nichague kati ya mkeka na kazi. Basi nikaenda sokoni. Muuzaji alinieleza kwa fahari kwamba ukili ule umetoka kwa bingwa mmoja wa Mkwaja. Na mimi, badala ya kuuliza jina la huyo bingwa, nikaomba anipunguzie bei.

Nisamehe, Bibi. Sikutaka kukufanya mjinga. Niliogopa tu kwamba ukiona kazi ya mikono yangu hutanitaka.

Nitasuka upya, mwenyewe, hata kama utakuwa wa kutia aibu.

Tausi


Makorora
3 Machi 2025

Kwa Bibi Semeni,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Wiki tatu zimepita sijapata jibu. Eliudi anasema u mzima, amekuona ukimkimbiza mbuzi na fagio. Basi najua ni mimi niliyekukosea.

Miraji amesema tusihangaike, atanunua mkeka wa plastiki. Nimemwambia akiununua, aolewe naye huyo muuzaji. Tangu hapo tunazungumza kupitia kwa shangazi.

Nimepata mwalimu, mama mmoja jirani anaitwa Chiku, mtu wa Pangani. Ananifundisha jioni, na sasa baada ya futari, na ananipiga vidole kwa mwiko. Ukili wangu huu hapa, wangu kabisa. Umefika pima moja na nusu. Upana ni vidole vinne mwanzoni, katikati vimekuwa sita, sijui vimetoka wapi, na mwishoni viwili na nusu kwa sababu nilichoka. Kuna mahali umepinda kama njia ya kwenda mtoni. Mama Chiku aliutazama akaomba maji ya kunywa, na ilikuwa saa tisa alasiri, yeye amefunga.

Bibi, kama jibu ni hapana, niandikie hapana. Kunyamaziwa ndiko siwezi.

Tausi


Mkwaja
17 Machi 2025

Kwa mke mwenzangu Tausi,

Marahaba. Mimi mzima, funga yangu naendelea nayo. Vifaranga wa bata wamebaki sita, kicheche kapita na mmoja. Mwenyekiti amepandwa na jogoo wa jirani kichwani, na tangu juzi hotuba zimepungua.

Ukili umefika. Nilipoufungua, Madamu aliunusa akaenda zake. Huyo ni mbuzi aliyekula ndoo yangu ya plastiki na nusu ya kalenda.

Una makosa kumi na moja. Umeanza kwa kukaza sana ukamaliza kwa kulegea, ndivyo wanavyosuka watu wenye haraka. Pima ya kwanza umeruka jani mara mbili. Mengine nitakuandikia barua ijayo, nikiyataja yote leo karatasi haitoshi. Nakurudishia. Fumua kuanzia katikati, usuke tena.

Halafu nijibu haya. Huyo Chiku ni wa Pangani upande gani? Futari mnakula nini, na nani anapika? Shangazi yako hali yake ikoje, maana mara tatu umemtaja hujasema afya yake? Kwenye cherehani unashona nini siku hizi? Gauni la harusi unashona mwenyewe au unamwachia mtu? Miraji bado hali bamia? Jibu yote, usiruke hata moja kama ulivyoruka majani.

Mke mkubwa,
Bibi Semeni


Makorora
2 Aprili 2025

Kwa Bibi,

Shikamoo, na Eid njema. Natumaini umeshinda salama na Mwenyekiti amerudia kazi.

Majibu haya hapa. Chiku ni wa Bweni, ng'ambo ya mto. Futari ilikuwa mihogo ya nazi, mpishi mimi. Shangazi ni presha, na sasa anakula bila chumvi huku akitulaumu sote. Nashona sare za shule. Gauni nashona mwenyewe, limebaki mkono mmoja. Bamia Miraji anakula, anakudanganya akija huko ili umpikie samaki.

Ukili nimeufumua, nimeusuka tena, huu hapa. Nadhani makosa yamebaki sita. Lakini Bibi, zimebaki siku ishirini na tatu. Mkeka mzima unasukwa kwa miezi. Niambie ukweli, hata kwa neno moja. Umeuanza au hujauanza?

Tausi


Mkwaja
9 Aprili 2025

Kwa mjukuu wangu Tausi,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, ila leo naandika na kufuta.

Makosa yamebaki manne. Mawili uliyoyahesabu ulijisingizia.

Mkeka umekwisha. Ulikwisha kabla ya Ramadhani. Niliuanza siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza, uliposema unataka mtu asuke akijua kwamba anamsukia Tausi. Niliposoma hapo niliweka barua chini nikaenda kukata ukindu. Kwa hiyo nilikudanganya, tena mara nyingi, na sasa nakuomba radhi.

Sababu nitakuambia ilivyo. Mimi nilisoma ukubwani, darasa la watu wazima, chini ya banda la ushirika, watoto wakituchungulia na kutucheka. Nikajua kusoma na kuandika, nikapewa cheti. Kisha nikakaa miaka arobaini na kitu bila mtu hata mmoja kuniandikia barua. Miraji ananipenda, lakini yeye alikuwa mtu wa simu. Anasema hujambo, mzima, haya Bibi, chaji inaisha. Ndipo ukaja wewe na kurasa zako. Nikasema nikimpa mkeka leo, kesho ataniandikia nini? Nikaanza kutafuta makosa. Hata ule ukili ulioununua, sikukasirika hata kidogo. Nilifurahi kwamba mambo yataendelea.

Na ile mara niliponyamaza, si kwamba nilinuna. Barua yako iliniliza. Nilianza majibu matano nikayachana yote, Madamu akala mawili. Kisha ikaja uliyosema kunyamaziwa huwezi, nikajiona mtu mbaya.

Wiki hii nimeufumua mkeka katikati nikashonea ukili wako humo, na makosa yake manne. Ndipo utakapoketi. Watu wa hapa wameuona wakauliza hicho kipande kimekuwaje. Nimewaambia hicho kasuka mjukuu wangu, na asiyependa asije harusini.

Mume nimekuachia kwa hiari yangu, na mwambie samaki simpikii tena, bamia atakula. Nakuja Jumatano ya tarehe 23 kwa basi, mkeka nitaushika mwenyewe. Jirani atanilishia mbuzi kwa siku tano, zaidi ya hapo hawezi, Madamu hamtaki.

Bibi yako,
Semeni


Makorora
13 Aprili 2025

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima sote. Shangazi ameisoma barua yako akalia, Miraji akaisoma akauliza nani amekuambia habari ya bamia.

Kitanda chako kiko tayari, upande wa dirishani. Tutakupokea stendi, mimi na yeye, na mkeka hatutaugusa mpaka utupe ruhusa.

Najua siku ya sita utarudi kwa mbuzi wako, hata nikushike miguu. Kwa hiyo jana nimenunua fungu jipya la ukindu, na ukili wa pili nimeuanza leo asubuhi. Nausuka vibaya kwa makusudi. Makosa yatazidi kumi na moja, Bibi, kwa hiyo andaa karatasi za kutosha.

Mjukuu wako,
Tausi