Nimetumwa Nikukataze Kujifungulia Majini

Mtaa wa Gongoni,
Tabora.
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Aya,

Asalaam aleikum. Marahaba, najua shikamoo yako iko njiani. U hali gani huko Uingereza? Na mgongo je, na miguu ile iliyovimba? Mumeo Mundhir hajambo? Sisi huku wazima, baridi ya Juni imetukuta na vikoi vyetu. Mimi goti la kushoto tu ndilo limegoma, na habari zake utazisoma chini, ucheke utakavyo.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kundi la ukoo kwenye simu lina masikio mengi kuliko watu. Barua hii atakuletea Julieth, jirani yetu anayekuja huko kusoma.

Basi, ulipotuambia unataka kumzaa mwanao wa kwanza ndani ya maji, kilikaliwa kikao. Baba yako, kaka yangu Ghalibu, alijiweka kitini kama jaji. “Mtoto si samaki!” akasema. Nikamjibu, “Wala si muhogo, kaka, kwamba lazima achimbwe pakavu.” Hakucheka. Wakakubaliana kwamba mambo ya uzazi ni ya shangazi, hivyo nikuandikie nikukataze.

Haya, kutumwa nimetumwa. Kukataza sikukatazi.

Baba yako huyo ndiye anayejisifu kila Idi kwamba bibi mzaa bibi yetu alizaliwa safarini kando ya mto, msafara ukitoka pwani. Leo anaogopa beseni! Na hao wanawake waliotikisa vichwa kikaoni, si ndio walionikanda kwa maji ya moto arubaini nzima nilipojifungua, mpaka kelele zangu zikasikika sokoni? Wakati ule maji yalikuwa dawa. Leo ukiyachagua wewe mwenyewe, yamekuwa sumu.

Lakini sikutaka kukutetea kwa mdomo mtupu. Nilikwenda kwa Adelina, muuguzi mkunga tuliyesoma naye, nikamwambia anipe yote, matamu na machungu. Akasema maji ya vuguvugu hupunguza maumivu, mwili unakuwa mwepesi, mama anageuka atakavyo. Akasema pia kwamba yakizidi moto yanamchosha mama na mtoto, yakichafuka yanaleta maambukizi, mtoto akiinuliwa kwa pupa kitovu kinaweza kukatika, na akizamishwa tena baada ya uso kutoka majini anaweza kuvuta maji. Mwenye presha, mwenye pacha, mwenye mtoto aliyetanguliza makalio au anayekuja kabla ya wakati, hao wasijaribu. Na kukaa majini wakati wa uchungu ni jambo moja, kumzaa mtoto humohumo ni jingine. Waweza kuchukua la kwanza ukaliacha la pili, wala hakuna aibu.

Sasa ujinga wangu. Niliona siwezi kusema juu ya maji nisiyoyaonja. Lile tangi la plastiki tulilolikata nusu kunyweshea mbuzi nililisugua vizuri, nikajaza maji ya vuguvugu, nikaingia na kanga yangu. Aya, wallahi mgongo ulinyamaza! Nilikaa mle kama malkia, nikipanga maneno ya kumwambia baba yako.

Kisha nikataka kutoka. Goti likakataa. Nikashika ukingo, nikateleza, nikarudi chini pwaa! Nikapiga yowe. Akaja mama yako, na Yustina wa nyumba ya pili nyuma yake. Yustina alinivuta mkono, akacheka mpaka akaniachia, nikazama mara ya pili. Mama yako naye akacheka, na tangu habari zako zifike sikuwa nimemwona hata akitabasamu.

Halafu akanitia mkono kwapani aniinue. “Wifi,” akasema, “na Aya atatolewa na nani?”

Akanivuta, nikatoka nikichuruzika maji. Swali hilo sasa nakuuliza wewe. Kuingia ni rahisi, hata mimi na mwili huu niliingia. Mambo yakigeuka, nani yuko hapo wa kukutoa upesi? Mkunga atakuwepo tangu mwanzo? Daktari yuko karibu? Ukipata majibu ya kweli, ingia, na mtu wa huku asikutishe. Mundhir nimeshamwonya kwamba akikubali kutumwa na baba mkwe wake kukukataza, atanikuta mlangoni kwake.

Ila mkunga akikwambia toka, toka, hata kama unaona raha. Ukaidi wetu, mwanangu, utumie kwa ukoo. Kwa mkunga usiutumie.

Mama yako Siwema bado anasema hataki. Jana tu ameleta doti mpya ya kanga, kaifua mara mbili ilainike, kaitia kwenye mfuko wa Julieth bila kunitazama. “Akitolewa mjukuu wangu,” akasema, “asishikwe na baridi.”

Wasalimie Mundhir na wakwezo. Rashidi, kaka yako, anakusalimu, na Yustina pia, ambaye bado anacheka. Mwenyezi Mungu akufungue salama, majini au pakavu, akupe mtoto mwenye sauti ya kutusumbua hadi huku.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa nimelowa,

Bimdogo