Mjumbe Asiye na Mtoto Shuleni

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumapili mchana.

Dada yangu mpenzi Oliva,

Kamwene, dada. Na shikamoo yako nakupa hapohapo, maana hata kama umenizidi miaka minne tu, mama hakutaka mchezo kwenye hilo. Mnaendeleaje huko Lupembe? Mama kifua kimepoa? Binamu yetu Eda kaniambia siku hizi mama anatoka mwenyewe hadi jikoni kuota moto, nikashukuru Mungu. Na mguu wa shemeji je, anaweza kupanda shambani au bado wewe ndiye unachuma chai peke yako? Nawawaza kila asubuhi ninapofungua dirisha na joto likaingia kama mgeni asiyepiga hodi.

Mie mwili mzima. Barua hii nampa Eda anayerudi huko kesho. Nimeamua kuandika kwa sababu nikipiga simu unaiweka sauti kubwa, mama asikie, wifi asikie, watoto wasalimie, na mie nabaki kusema niko salama, kazi nzuri, leo nina kikao. Mnafurahi. Najua mama anawaambia majirani kwamba Skola ni mjumbe wa kamati ya shule mjini. Haya ya leo nataka uyasome wewe kwanza, ukiwa peke yako, halafu utajua umwambieje.

Dada, mie si mjumbe tena. Na kusema kweli, tangu Januari sikuwa na haki ya kuwa mjumbe. Nilikuwa naenda tu.

Unakumbuka nilivyochaguliwa? Mwanangu Furaha alikuwa darasa la tano. Mkutano wa wazazi ulifanyika uwanjani, jua linachoma, watu wanataka kuondoka. Mama mmoja akaninyooshea kidole: "Yule fundi cherehani si anasoma vizuri? Awe yeye." Mikono ikanyooshwa haraka ili watu waende nyumbani. Ndivyo nilivyopata hicho cheo anachokisimulia mama.

Usidhani ni kazi ya ukubwa. Tunakaa ofisini kwa mwalimu mkuu kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa mbao. Tunasoma muhtasari wa kikao kilichopita, tunasahihisha majina yaliyokosewa. Tunazungumzia vyoo, matundu mangapi yameziba. Utoro. Zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, maana watoto ni wengi hadi mwalimu hana pa kupita kati ya madawati. Mwisho yanakuja mengineyo, na hapo ndipo watu wanagombana kweli. Siku moja tulibishana saa nzima kuhusu kengele, kama ipigwe au isipigwe wakati wa adhana ya adhuhuri. Mwenyekiti wetu, Mzee Kinyogoli, Mzaramo wa hapahapa, mstaafu wa reli, akamaliza: "Kengele isubiri adhana iishe. Yenyewe haina safari." Tukacheka wote, Waislamu na Wakristo.

Nilikuwa napenda, dada. Nilikuwaga nasoma makaratasi yote kabla ya kikao, napigia mistari kwa chaki ya cherehani.

Halafu Furaha akamaliza la saba, akapangiwa bweni Tabora. Hilo unalijua. Ambalo sikukuambia ni siku niliyorudi kutoka kumsindikiza stendi. Niliingia chumbani nikapika ugali wa watu wawili. Sikuwa nimesahau kwamba hayupo, mkono ndio uliopima. Nikala wangu, nikala na wake, usiku mzima tumbo linaniuma, nacheka na kulia.

Watu wa hapa si wabaya. Ila wananiita fundi. "Fundi, sketi yangu tayari?" "Fundi, zipu hii inafaa?" Wakishachukua nguo wameondoka. Kanisani naimba kwaya, lakini ibada ikiisha kila mtu anakwenda na watu wake. Kuna wiki moja ya mvua hakuja mteja tangu Ijumaa, na Jumapili ile sikwenda kanisani kwa sababu ya tope. Jumatatu mteja wa kwanza aliponisalimia, sauti yangu ilitoka imekwaruza kama ya mgonjwa. Akaniuliza, "Fundi, una mafua?" Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Kwenye kamati tu ndiko walikokuwa wakiniita Mama Furaha. Nikichelewa, Mzee Kinyogoli alikuwa anauliza, "Mama Furaha yuko wapi leo?" Sijui kama unaelewa. Huko nyumbani hata ukienda kisimani mtu anauliza umekwenda wapi. Hapa kulikuwa na chumba kimoja tu ambamo kutokuwepo kwangu kulionekana.

Kwa hiyo Februari, ujumbe wa kikao ulipoingia kwenye grupu la wajumbe, nilijua napaswa kuandika kwamba mwanangu amemaliza, nawashukuru, nawapisha. Niliandika hivyo. Nikafuta. Nikaandika: "Nimepokea, nitafika."

Nikaenda Februari, nikaenda Machi. Hakuna aliyeuliza. Shule ina watoto wengi mno, wenzangu walidhani nina mwingine madarasa ya chini. Nami sikusema ninaye wala sikusema sina.

Sasa sikiliza lililotokea. Ng'ambo ya kijito kimejengwa kishule kipya ili kupunguza msongamano wa shule yetu. Serikali ya mtaa ikaleta pendekezo kwamba mtaa wetu wa bondeni wote uhamie huko, kuanzia darasa la awali hadi la saba. Kamati ikaambiwa itoe maoni yake. Kwenye karatasi lilionekana jambo zuri: madarasa mapya, madawati mapya, umbali si mkubwa. Bwana Mdoe, mjumbe mwenzetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akataka tupitishe siku ileile. Watoto wake watatu wako kwetu, wamebanana darasani kama wengine, simlaumu. Mzee Kinyogoli akasema tukalifikirie wiki moja.

Wiki ile alikuja barazani kwangu Mama Zuhura, anauza samaki wa kukaanga pale bondeni. Alileta sare ya Zuhura ipunguzwe, kako darasa la pili. Akaniambia, "Fundi, wewe uko kamatini. Hivi nyie mmeshaiona ile njia?"

Nikamwambia bado.

"Basi nenda kaione. Mie siwezi kuja kikaoni kusema, nitatetemeka. Lakini nenda."

Jumamosi asubuhi nikafunga cherehani, nikaenda naye pamoja na Zuhura. Tulimwacha mtoto atangulie, sisi tukafuata mwendo wake. Dada, ile njia inashuka kwenye korongo. Hapo kijito kinavukwa kwa mbao tatu, na ya katikati imeoza. Maji siku hiyo yalikuwa chini, lakini mama yule akanionyesha mahali yanapofikia mvua zikikolea: alama ya tope kwenye ukuta wa nyumba iliyohamwa, juu ya kifua changu. Zuhura alifika kwenye mbao akasimama. Akamgeukia mama yake. Hakulia, alinyoosha mkono tu ashikwe. Nikajiuliza, nani atakayemshika Jumatatu hadi Ijumaa, na mama yake yuko kwenye karai la mafuta?

Nilirudi tena Jumatatu peke yangu, nikaipita njia yote, nikaandika nilichoona kwenye daftari.

Kikaoni nikasoma nilichoandika. Nilisema sipingi shule mpya. Wakubwa wahame, darasa la tano kwenda juu, wale wanaweza kuvuka na kushikana. Wadogo wabaki kwetu hadi kivuko kijengwe, na hilo liandikwe kwenye maoni ya kamati. Bwana Mdoe akasema nawatisha watu, kila mtoto wa Dar anavuka kitu. Tukabishana hadi Mzee Kinyogoli akasema mikono inyooshwe. Tulikuwa wapiga kura tisa, yeye kama mwenyekiti hupiga tu zikilingana. Watano tukataka wadogo wabaki, wanne wakataka wote wahame.

Nilikuwa bado sijashusha mkono vizuri Bwana Mdoe aliposema, taratibu kabisa:

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mama Furaha mtoto wake yuko darasa la ngapi?"

Watu wakanigeukia. Si kwa ubaya, walikuwa wanasubiri nitaje darasa tuendelee.

"Maana Furaha alimaliza na mpwa wangu," akasema. "Sasa huyu mwingine simfahamu."

Dada, nilikuwa naweza kusema uongo. Nikitaja darasa la tatu, nani angekwenda kuhesabu? Neno lilifika hadi kwenye meno. Nilimwaza Zuhura, nikawaza kwamba uongo huo ungemsaidia yeye, kwa hiyo labda si uongo mbaya. Halafu nikajijua. Miezi yote ile sikuwa nakwenda kwa ajili ya Zuhura. Nilikuwa nakwenda ili niitwe jina langu.

Nikasema, "Sina mtoto hapa. Furaha yuko Tabora. Sina mwingine."

Mzee Kinyogoli akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Tangu lini?"

"Tangu Januari, mzee. Nisameheni."

"Kwa nini hukusema?"

Nikasema tu, "Nilizoea kuja." Nimekuwa mtu mzima, dada, nina mvi, nikajisikia kama mtoto aliyekutwa darasa si lake.

Bwana Mdoe akasema basi kura yangu haipo, ni nne kwa nne. Mwenyekiti akaitikia kwamba ni kweli. Kisha akaniuliza mimi, si Bwana Mdoe: "Hiyo njia, uliipita mwenyewe?"

"Mara mbili, mzee."

"Na mbao imeoza?"

"Ya katikati. Ukiikanyaga inalia."

Halafu akasema, "Kura yake nimeifuta. Njia siwezi kuifuta. Mimi kura yangu wadogo wabaki hadi kivuko kijengwe. Mwalimu, andika." Akanigeukia tena. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama Furaha, utaratibu ni utaratibu. Utatupisha."

Nikakusanya makaratasi yangu. Lile dawati ni la watoto, kutoka kwake lazima ujipinde, nikagonga goti mbele yao wote.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwanaidi, alinifuata hadi kwenye ngazi. Ni mwanamke mkali, hana maneno mengi. Nilidhani anakuja kunisema. Akaniambia, "Mimi nilijua. Fomu za mwanao za bweni si nilizigonga muhuri mwenyewe?"

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulininyamazia?"

"Nilikuwa nakuona unavyokaa baada ya kikao kwisha. Watu wote wameondoka, wewe bado unapanga makaratasi yaliyokwisha kupangwa." Akatazama uwanjani. "Ningekosea kukuacha, ningekosea kukuondoa. Nikachagua la kwanza." Akanishika bega, akarudi ndani kwenye mengineyo.

Jioni ile simu ikalia. Grupu la wajumbe lilikuwa limeniondoa. Nilitazama neno "umeondolewa" muda mrefu. Sikuwa na kinyongo, wamefanya sawa. Ila chumba kilikuwa kimya kuliko siku aliyoondoka Furaha, maana siku ile angalau nilijua Desemba atarudi.

Ndiyo hayo, dada. Sasa umejua kwa nini nilikuwa nakata simu haraka. Mama mwambie nimemaliza muda wangu kwenye kamati, maana ni kweli vilevile. Wewe usininunie kwa kukuficha. Ningesema kwamba niko mpweke mngeniambia nirudi, na nikirudi, ada na mahitaji ya Furaha nitayashonea wapi? Bado naona nibaki. Lakini Desemba Furaha akifunga shule ateremkie Njombe moja kwa moja, nami nitakuja huko, tukae wote hadi mwaka mpya. Nitengenezee kitanda chumba cha mama, nataka kulala nikisikia mtu anakohoa.

Nisalimie mama sana, mwambie nimepata koti zito la kumletea. Msalimie shemeji na mguu wake, wifi Tula, na yule mtoto wake wa mwisho ambaye sijamuona hata siku moja. Msalimie shangazi wa kule juu, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza kama bado anakwenda kanisani kwa fimbo yake.

Nikuambie na hili kabla Eda hajafika. Zamu ya asubuhi ikiisha, wale wadogo wa bondeni wanarudi kwao kwa kupita mbele ya baraza langu. Leo ni Jumapili hawapo, lakini kesho watapita, mabegi yamewazidi migongo. Hawajui lolote lililotokea. Wanasema "Shikamoo fundi" wote kwa pamoja, kama wanavyomsalimia kila mtu mzima wa barabara hii, na hawasimami. Mie nanyanyua mguu kwenye pedali, cherehani inanyamaza, nawaitikia marahaba mmoja mmoja hadi wa mwisho apite.

Ni mimi mdogo wako ninayekukumbuka kila siku,

Skola