Fidla Zilikuwa Nzuri

Kaka,

Huku tupo. Cherehani ya mama imepata mkanda mpya, na yule jirani mwenye kelele amehama. Albamu yenu ya muziki wa metali imefika. Picha ya bendi mama ameibandika ukutani, ingawa mmejipaka masizi hadi ikabidi nimwonyeshe mwanawe ni yupi.

Nilimwekea wimbo wa kwanza akipinda sketi ya mteja. Okestra ilipoanza, akatabasamu. "Kumbe siku hizi anapiga fidla," akasema. Halafu magitaa yakaingia, ngoma zikaanza kukimbizana, nawe ukanguruma.

Mama aliweka mkasi chini taratibu, akaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni, pale pale alipokuwa akijibanza baba akianza kufoka. Nilipomfuata, akaniashiria ninyamaze. Kaka, baba ana miaka tisa kaburini.

Gazetini nimesoma ukijisifu kwamba sauti hiyo umeitafuta mwenyewe miaka mingi, hukufundishwa na mtu. Usinifanye mtoto. Tulilala chumba kimoja mimi na wewe, tumetenganishwa na cha wazazi kwa ukuta tu.

Hongera, bendi imefika mbali. Miaka kumi na mbili jukwaani, na sasa watu wanapanga foleni kusikia kile ambacho sisi tulikuwa tukizibia masikio kwa mito.

Mama anakusalimu. Anaomba umtumie fidla peke yake, bila yule anayefoka. Sijamwambia ni nani.

Ni mimi, mdogo wako.